Namna ya Kumhesabia Mteja Makato ya Malipo ya Mtandaoni

Karibu kila wiki kuna mfanyabiashara anayeniletea swali lile lile. Leo ni mpiga picha wa harusi kutoka Nyakato hapa Mwanza, kesho ni mwenye nyumba ya wageni kule Capri Point, keshokutwa ni kijana anayewatafutia wageni safari za Kisiwa cha Saanane. Wote wanasema: "Mteja amelipa kwa mtandao kiasi kamili tulichokubaliana, lakini kilichoingia benki ni pungufu. Je, naruhusiwa kumwongezea mteja makato hayo, na nimwongezee kiasi gani?" Nimelijibu swali hilo kwa mdomo mara nyingi sana, na kila mara kuna jambo ninalolisahau, kwa hiyo nimeona ni heri niliandike lote mahali pamoja, kwa utaratibu wa hatua.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Mtu anayekutumia fedha kwa simu huombwa atume "na ya kutolea", naye haoni kwamba ameonewa, kwa sababu kiwango kinajulikana kwa pande zote mbili na ombi linatolewa kabla pesa haijatumwa. Malipo ya kadi na ya viungo vya malipo (anwani za mtandaoni ambazo mteja huzibonyeza ili alipe) hayana uwazi huo. Makato yake hukokotolewa kwa asilimia, hukatwa upande wa mpokeaji, na mteja hayaoni kabisa kwenye simu yake. Kazi yote iliyomo katika mwongozo huu ni kuurudisha uwazi wa "na ya kutolea" kwenye malipo ambayo kwa maumbile yake yanaficha gharama.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Usianze kubadilisha bei kabla hujavikusanya vitu hivi mezani:

- Mkataba wako na kampuni inayokupokelea malipo, iwe ni Selcom, Pesapal, DPO, benki yako au nyingine yoyote, pamoja na jedwali la ada zake linalotumika sasa.
- Taarifa ya miamala ya miezi mitatu kutoka kwenye akaunti yako ya malipo, na taarifa ya benki ya miezi hiyo hiyo. Zote mbili ni lazima, kwa kuwa moja inaonyesha kilicholipwa na nyingine inaonyesha kilichokufikia.
- Kikokotoo cha kawaida cha simu, na daftari au jedwali la kompyuta.
- Nakala ya ankara unayoitumia kwa sasa.
- Mashine yako ya risiti za EFD kama unatakiwa kuwa nayo, na uhakika kama umesajiliwa kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, au hukusajiliwa.

Kama bado hupokei malipo ya kadi na wateja wako wote wanakulipa kwa lipa namba, soma hatua ya 1 na maelezo ya malipo ya simu katika hatua ya 4. Sehemu kubwa ya mengine haitakuhusu kwa leo.

Hatua ya 1: Tafuta makato yako halisi

Kiwango kilichoandikwa kwenye tangazo la kampuni ya malipo mara nyingi si gharama yote. Malipo ya kadi yanaweza kukatwa mara kadhaa njiani: asilimia ya kiasi kilicholipwa, kiasi maalumu kisichobadilika kwa kila muamala, gharama ya kubadilisha fedha pale inapohusika, na ada ya kuhamisha fedha kutoka akaunti ya malipo kwenda benki. Anayeangalia asilimia peke yake atajikuta anashangaa kila mwisho wa mwezi.

Chukua muamala mmoja na uufuatilie kwa kidole tangu mteja alipolipa hadi fedha zilipotua benki. Nilifanya hivyo na mpiga picha niliyemtaja, tukiwa tumekaa na taarifa zake mbili zilizochapishwa, moja kushoto na nyingine kulia. Mteja wake alikuwa amelipa shilingi 800,000. Mstari wa kwanza ulionyesha makato ya asilimia 3.5, yaani shilingi 28,000. Siku mbili baadaye kulikuwa na mstari mwingine wa shilingi 3,500 wa kuhamishia fedha benki, ambao hakuwahi kuuona kwa sababu hauandikwi jina la mteja. Zilizoingia zilikuwa shilingi 768,500. Yeye alikuwa akiwaambia watu kwamba anakatwa "kama elfu ishirini na nane hivi".

Ukishaelewa njia, tafuta wastani. Jumlisha malipo yote ya miezi mitatu kama wateja walivyolipa, toa kiasi chote kilichofika benki, kisha gawanya tofauti hiyo kwa jumla ya malipo. Kama wateja walilipa shilingi 9,400,000 na benki zikaingia 9,061,600, tofauti ni shilingi 338,400, na makato yako halisi ni asilimia 3.6. Namba hizi ni za mfano wa kufundishia; zako zitatoka kwenye taarifa zako mwenyewe, na usikubali kuazima asilimia ya jirani hata kama mnatumia kampuni moja, kwa kuwa viwango hutegemea mkataba wa kila mmoja.

Hatua ya 2: Hakikisha unaruhusiwa

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na ndiyo inayoweza kukufungia akaunti. Mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, una masharti yake kuhusu mfanyabiashara kumtoza mteja nyongeza kwa kuwa ametumia kadi. Benki au kampuni inayokupokelea malipo nayo ina masharti yake juu ya hayo. Na sheria ya nchi iko juu ya yote.

Masharti hayafanani duniani. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku tangu tarehe 13 Januari 2018 kumtoza mlaji nyongeza kwa kulipa kwa kadi za kawaida. Marekani nyongeza inaruhusiwa katika majimbo mengi, lakini Visa imeweka kikomo cha asilimia 3 na Mastercard asilimia 4, kadi za debiti, yaani zinazokata moja kwa moja kwenye akaunti ya mteja, haziguswi, na majimbo kama Massachusetts na Connecticut yanakataza. Australia kwa miaka mingi iliruhusu nyongeza isiyozidi gharama halisi ya kupokea malipo. Ninayataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, maelezo mengi yaliyomo mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Marekani, na mtu wa Mwanza anayeyafuata neno kwa neno anafuata masharti yasiyo yake. Pili, mgeni wako kutoka London amezoea kutoiona nyongeza hiyo kwao, hivyo atakapoiona kwenye ankara yako atahitaji maelezo zaidi kuliko mteja wa Sengerema.

Kwa upande wako, jibu lipo kwenye mkataba wako. Ukisoma usielewe, iandikie kampuni ya malipo barua pepe yenye maneno kama haya:

"Ndugu, mimi ni mfanyabiashara niliyesajiliwa kwenu. Naomba mnijulishe kwa maandishi kama mkataba wetu unaniruhusu kumwongezea mteja gharama ya malipo anapotumia kadi, kama kuna kikomo cha nyongeza hiyo, na kama mfumo wenu una sehemu ya kumtoza mteja ada moja kwa moja."

Sisitiza maneno "kwa maandishi". Jibu la simu halitakusaidia siku mteja atakapopeleka malalamiko benki kwake.

Tahadhari moja kwa wanaohudumia watalii: tangu tarehe 28 Machi 2025, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza au kutoza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Andika bei na nyongeza yake kwa shilingi. Benki ya mgeni ndiyo itakayobadilisha. Pia kumbuka kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na gharama inayochomoza dakika ya mwisho baada ya bei kutangazwa inakaribia sana hapo.

Hatua ya 3: Chagua namna ya kuirudisha gharama

Ziko namna tatu. Ya kwanza ni kuiingiza gharama ndani ya bei, ili kila mteja aone bei moja tu. Ya pili ni kuiandika peke yake kwenye ankara kama mstari wa gharama ya malipo kwa kadi. Ya tatu ni kupanga bei inayobeba makato, kisha kutoa punguzo kwa anayelipa kwa njia isiyokugharimu. Mikataba mingi inayokataza ile ya pili haina tatizo na ya tatu, ingawa hesabu ni ile ile.

Maoni yangu, baada ya kuona vitabu vya hesabu vya biashara nyingi ndogo, ni kwamba mwenye duka, mgahawa au nyumba ya wageni aiingize gharama ndani ya bei na asiizungumzie tena. Mteja anayenunua kitu cha shilingi 40,000 hataki kuhesabiwa shilingi 1,400 kaunta. Mstari wa peke yake una maana pale kiasi kinapokuwa kikubwa, mteja ana njia nyingine ya kulipa, na tofauti ni kubwa kiasi cha kumfanya achague. Mpiga picha, fundi wa samani, mtayarishaji wa tovuti na msafirishaji wa mizigo wako katika kundi hilo.

Usichanganye namna mbili kwa mteja mmoja. Ukishaiingiza gharama ndani ya bei, kisha ukaiandika tena kwenye ankara, umemtoza mara mbili, na hilo ni kosa hata kama hukukusudia.

Hatua ya 4: Kokotoa kwa kugawanya, si kwa kujumlisha

Hapa ndipo hesabu za wengi zinapopindia, na nitakaa hapa kidogo.

Chukulia kwamba unataka kubaki na shilingi 1,000,000, na makato yako ni asilimia 3.5. Wengi huchukua asilimia 3.5 ya 1,000,000, yaani 35,000, wakamwandikia mteja 1,035,000. Lakini kampuni ya malipo haikati asilimia 3.5 ya milioni moja. Inakata asilimia 3.5 ya kile mteja alicholipa, ambacho sasa ni 1,035,000. Makato yanakuwa shilingi 36,225, na wewe unabaki na 998,775. Umepungukiwa na 1,225, na kadiri kiasi kinavyokua ndivyo pengo linavyopanuka.

Njia sahihi ni hii: toa asilimia ya makato kutoka kwenye 100, kisha gawanya kiasi unachotaka kubaki nacho kwa jibu hilo. Asilimia 100 toa 3.5 ni 96.5, yaani 0.965. Kwenye kikokotoo andika 1,000,000 ÷ 0.965. Jibu ni 1,036,269. Jihakikishie mwenyewe: asilimia 3.5 ya 1,036,269 ni 36,269, na kinachobaki ni milioni moja.

Kama kuna kiasi maalumu kwa kila muamala, kijumlishe kwanza, kisha ndipo ugawanye. Kwa kiasi maalumu cha shilingi 500: 1,000,500 ÷ 0.965 = 1,036,788.

Jaribu hesabu hiyo hiyo kwa kitu kidogo utaona jambo la muhimu. Kifurushi cha dagaa cha shilingi 15,000 kitakuwa 15,500 ÷ 0.965, yaani 16,062, nyongeza inayozidi asilimia 7. Kwa bei ndogo, kiasi maalumu ndicho kinachouma, na hapo ni bora kumwomba mteja atumie simu kuliko kumwongezea.

Malipo ya simu yana hesabu yake. Ada za M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa za kutuma na kutoa huenda kwa ngazi za kiasi, hivyo kanuni ya kugawanya haifai. Unafungua jedwali la ada la mtandao husika na kusoma ngazi yako. Angalia kwamba kiasi pamoja na ya kutolea kisiruke kuingia ngazi ya juu, kwa sababu ada itapanda na bado utapungukiwa. Nadhani wengi wetu tuliingiwa na tabia ya kuisoma meseji ya makato hadi nukta ya mwisho baada ya tozo ya miamala ya simu kuanza Julai 2021, na tabia hiyo ni njema. Ihamishie kwenye taarifa za kadi.

Waliosajiliwa kwa VAT wana hatua moja zaidi. Kampuni ya malipo hukata asilimia yake kwenye jumla yote, pamoja na VAT ambayo si mali yako. Kwa hiyo zidisha kwanza asilimia ya makato kwa jumla ya 1 na kiwango cha VAT cha ankara hiyo. Kwa makato ya 3.5 na VAT ya asilimia 18: 3.5 × 1.18 = 4.13. Asilimia 100 toa 4.13 ni 95.87, yaani 0.9587. Gawanya 1,000,000 kwa 0.9587, upate bei ya shilingi 1,043,079 kabla ya VAT. Nyongeza ya makato ni sehemu ya bei ya huduma, na VAT inahesabiwa juu yake pia. Usiiandike chini ya mstari wa VAT kana kwamba imesamehewa kodi.

Hatua ya 5: Punguza namba iwe safi, kisha uiandike kwenye ankara

Namba kama 1,036,269 humfanya mteja ajiulize imetoka wapi. Ishushe hadi mia ya karibu chini yake, usiipandishe. Ukiandika 1,036,200 utapungukiwa na shilingi 67 tu, na utakuwa na uhakika kwamba hukumtoza mteja zaidi ya gharama yenyewe, jambo ambalo mikataba mingi inalitaka. Ankara ya mpiga picha wetu ilikuja kuwa hivi:

Kupiga picha za harusi, siku moja: 1,000,000
Gharama ya malipo kwa kadi: 36,200
Jumla ukilipa kwa kadi: 1,036,200
Jumla ukilipa kwa kuhamisha kutoka benki: 1,000,000

Usiupe mstari wa pili jina la "kodi", "tozo ya serikali" wala "ada ya benki" kama si hivyo. Uite kile ulicho.

Hatua ya 6: Mwambie mteja kabla hajakubali bei

Hili nililijifunza kwa hasara. Mwaka wa kwanza nilipoanza kuandaa vitabu vya mteja aliyekuwa anaishi nje ya nchi, tulikubaliana shilingi 1,500,000. Kazi ilipokwisha nikaona nimwongezee asilimia 3.5, nikamtumia kiungo cha malipo cha 1,552,500 bila maelezo yoyote. Alilipa siku ile ile, hakuuliza kitu, na hakunipa kazi nyingine tena. Baada ya miezi kadhaa ndugu yake aliniambia kwamba aliona nimembadilikia. Kwa nyongeza hiyo sikupata hata kiasi kamili, maana nilikuwa nimejumlisha badala ya kugawanya, zilinifikia 1,498,162. Kilichomwondoa hakikuwa shilingi 52,500. Angeziona siku ya kwanza tunazungumza bei, angechagua njia ya benki, na yangekwisha.

Kwa hiyo taja njia za malipo na gharama zake katika ujumbe ule ule unaotaja bei. Kwa mama wa bwana harusi aliye mbali, mpiga picha aliandika:

"Shikamoo mama. Gharama ya picha za harusi kwa siku tuliyozungumza ni shilingi 1,000,000. Ukilipa kwa kuhamisha kutoka benki, utalipa kiasi hicho hicho. Ukipenda kulipa kwa kadi, kampuni inayopokea malipo hukata asilimia 3.5, hivyo jumla itakuwa shilingi 1,036,200. Naomba unijulishe njia itakayokufaa ili nikuandalie ankara."

Hakuna kuomba radhi humo wala kulalamikia makato. Mteja amepewa njia mbili na namba mbili. Akijibu, hifadhi jibu lake. Huo ndio ushahidi wako kwamba alikubali.

Hatua ya 7: Jaribu kwa kiasi kidogo

Kabla ya kumtumia mteja kiungo kipya, jilipe mwenyewe au muombe ndugu akulipe kiasi kidogo kwa kadi, kisha usubiri kifike benki. Angalia mambo mawili: je, makato yamelingana na hesabu yako, na je, mfumo haujaongeza ada yake juu ya nyongeza yako? Baadhi ya mifumo ya malipo ina kitufe cha kuchagua kama ada italipwa na mfanyabiashara au mteja. Kitufe hicho kikiwa upande wa mteja, na wewe umeshaiingiza ada kwenye ankara, mteja atalipa mara mbili na atakuwa na haki ya kukasirika.

Hatua ya 8: Andika vitabuni kwa ukamilifu

Mauzo yako ni kile mteja alicholipa, si kile kilichofika benki. Kwa mfano wetu, mauzo ni 1,036,200 na matumizi ya ada za malipo ni 36,267. Risiti ya EFD itoke kwa kiasi chote alicholipa mteja. Anayeandika mauzo ya 999,933 kwa sababu ndizo alizoziona benki anatengeneza tofauti kati ya risiti, taarifa ya kampuni ya malipo na vitabu vyake, na ni tofauti hizo ambazo mkaguzi wa kodi huzianzia. Hifadhi taarifa ya makato ya kila mwezi pamoja na ankara zake.

Rudia hesabu ya hatua ya 1 kila baada ya miezi mitatu, au mara tu kampuni ya malipo inapotangaza viwango vipya.

Mambo yanapokwenda kombo

*Mteja anagoma kulipa nyongeza.* Mrudishe kwenye njia isiyo na nyongeza kwanza. Asipotaka hiyo pia, amua kama kazi inabeba hasara ya asilimia hiyo. Ukikubali kuibeba, andika kwenye ankara kwamba ni punguzo, ili siku nyingine asidhani ndiyo bei ya kawaida. Usianze kujadili haki na batili ya makato naye, kwa sababu hayo si yake wala yako kuyabadilisha.

*Mteja amelipia lipa namba, akaongeza "ya kutolea" bila kuombwa.* Hutokea sana kwa wateja wanaopenda kutenda haki. Angalia kama kweli umekatwa kiasi hicho. Kama hukukatwa, mrudishie au mwandikie salio kwenye ankara inayofuata, na umjulishe. Usinyamaze na ziada.

*Mteja anataka kulipa kwa awamu.* Kiasi maalumu kitakatwa kila awamu. Milioni moja kwa awamu nne za 250,000, kwa makato ya 3.5 na 500, ni 259,585 kila awamu, yaani 1,038,340 kwa jumla badala ya 1,036,788. Kokotoa kila awamu peke yake na umwonyeshe jumla tangu mwanzo.

*Mteja ameghairi na anataka kurudishiwa.* Kampuni nyingi za malipo hazirudishi ada waliyokata hata unapomrudishia mteja fedha zote. Kwa muamala wa 1,036,200 utakuwa umetoa 36,267 mfukoni mwako. Kwa hiyo sharti la kughairi liandikwe kwenye makubaliano ya mwanzo, likisema wazi kama gharama ya malipo inarudishwa au hairudishwi. Kama hukuandika, mrudishie zote safari hii, halafu uandike kwa wengine.

*Mteja wa nje anasema benki yake imemkata zaidi ya ulichomwandikia.* Hiyo kwa kawaida ni ada ya benki yake ya kulipa kwa fedha ya nchi nyingine au tofauti ya kubadilisha fedha. Haikufikii wala huwezi kuirudisha. Mtumie picha ya taarifa yako inayoonyesha kiasi cha shilingi ulichopokea, na umshauri aiulize benki yake.

*Fedha zilizotumwa kutoka benki ya nje zimefika pungufu ingawa hakutumia kadi.* Huo ni uhamisho wa kimataifa, na benki za kati hukata njiani. Mtumaji huchagua kwenye fomu nani atabeba gharama: OUR ina maana mtumaji anabeba zote, SHA ina maana mnagawana, na BEN ina maana mpokeaji anabeba. Andika kwenye ankara yako kwamba uhamisho kutoka nje ufanywe kwa OUR, kabla mteja hajakwenda benki, kwa sababu fedha zikishaondoka hakuna njia ya kubadilisha chaguo hilo.

*Makato ya mwezi huu hayalingani na asilimia yako na hujui kwa nini.* Panga miamala kwa aina ya kadi. Kadi zilizotolewa nje ya nchi mara nyingi hukatwa zaidi ya zile za ndani, na mwezi wenye watalii wengi, Julai na Agosti kwa mfano, utakuwa na wastani wa juu kuliko Aprili. Kama tofauti ni kubwa, weka viwango viwili, cha kadi za ndani na cha kadi za nje, baada ya kuiuliza kampuni yako kama inaruhusu.